Bi Nyuki Akiimba, Shika Ukuta

Inatangazwa kwa unyenyekevu mkubwa, kwa wakubwa na wadogo, wazima na wanaokohoa, kwamba mwisho wa ukumbi wa kliniki ya watoto, nyuma ya mlango ambao kitasa chake sharti ukinyanyue kabla ya kukizungusha, anaketi mwanamke aliyeona mioyo ya watu mingi kuliko washairi wote walioapa kwamba wanaijua. Ameiona ikidunda, ikisuasua, ikivuja, na mingine ikiwa imehamia upande wa kulia bila kumuaga mtu. Katika yote hiyo hajakuta hata mmoja uliovunjika kwa mapenzi. Ametafuta. Haupo. Wenye kuandika barua za namna hiyo wapumzishe wino.

Jina analo, tena limepakwa mlangoni kwa herufi nzito, lakini akina mama wanaoketi kwenye benchi nje ya mlango huo hawana habari nalo. Wao wanamwita Bi Nyuki. Mwenyewe alikuwa analijua jina hilo na analipenda kupita kiasi. Alishajipa na sababu yake: nyuki ni mchapakazi, hana majungu, haendi likizo. Tangu alisikie akawa anakata ukumbi kwa hatua za mtu asiyetaka kuwaangusha mashabiki. Wauguzi wakipishana naye walitazama sakafu. Walijua sababu ya kweli, na hakuna aliyejitolea kumwambia.

Ni mwanamke mfupi, wa mduara, mwenye sauti ya upole na chupa ya jeli kwapani. Hiyo jeli ndiyo anayowapaka watoto kifuani kabla ya kuwapitishia kile kifaa cha kupiga picha ya moyo, na jeli ikiwa baridi mtoto hupiga kelele mpaka moyo wenyewe unasahau ulikuwa unaumwa nini. Basi yeye huipasha joto kwapani. Wakubwa wa hospitali waliwahi kumletea mashine maalumu ya kupashia jeli, yenye taa tatu na kitabu cha maelezo. Aliitazama kwa adabu, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, akarudi kwenye kwapa.

Alisoma udaktari, kisha udaktari wa watoto, kisha udaktari wa mioyo ya watoto, mpaka shangazi zake wakaacha kuuliza ataolewa lini wakaanza kuuliza atamaliza lini. Alipomaliza alikuwa ameshaolewa na mwalimu wa jiografia, mtu mtulivu ambaye sasa amestaafu na anaamini kila tatizo la nyumbani linatokana na upepo. Ukoo mzima wa mume umemzoea shemeji yao. Ukimpelekea mtoto amwamkie harusini, hatazami kama kapendeza. Anamshika vidole kwanza, anageuza kucha kutafuta rangi ya bluu, anabonyeza, anangoja damu irudi, ndipo anaitikia. Wifi mmoja alimwonya kwamba ipo siku atambonyeza kucha bibi harusi. Alishambonyeza. Alikuwa na upungufu wa damu.

Kazi yake ukiisikiliza juu juu ni rahisi. Moyo na mapafu ni majirani waliojenga ukuta mmoja. Bomba la huyu likivuja, chumba cha yule kinajaa maji. Kwa hiyo nusu ya watoto wanaoletwa kwake wametibiwa mapafu mwaka mzima, kumbe mwenye kosa ni moyo. Nusu nyingine wameletwa kwa ajili ya moyo, kumbe moyo wao mzima kabisa, unapiga kelele tu kama watoto wengine wanavyopiga kelele. Kazi ni kujua nani ni nani, kabla mapafu hayajachoka kuvumilia.

Sasa tuje kwenye sababu ya kweli ya jina.

Bi Nyuki akiwa ameinamia mtoto, chumba kikiwa giza, macho kwenye kioo cha mashine, kuna nyakati anaimba. Si kuimba kwa maneno. Anaimba mdomo umefungwa, puani, wimbo usio na mwanzo wala mwisho, unapanda, unazunguka, unatua, unapanda tena. Ukiwa nje ya mlango unasikia kama mzinga umehamia ndani. Na yeye, Mungu ni shahidi, alikuwa hajui. Miaka yote hiyo alidhani anafanya kazi kimya.

Benchi ndilo lililojua. Na benchi, kama unavyowajua watu waliowekwa kungoja bila cha kufanya, lilikuwa limeshaugeuza wimbo huo kuwa elimu kamili. Mkuu wa elimu hiyo alikuwa bibi mmoja mwenye mwanya na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye humleta mjukuu wake kupimwa tangu mjukuu akiwa wa kubebwa mpaka sasa anakimbia ukumbini akiitwa kila mara arudi. Walimwita Mwenyekiti. Kila mama mpya akifika, Mwenyekiti alimsogezea nafasi, akampa darasa.

"Mwanangu, sikiliza kwa makini. Ukiingia, daktari akikuuliza bei ya vitunguu sokoni, umepona. Huyo mtoto hana kitu. Akinyamaza kimya, subiri, bado anatazama. Lakini akianza kuimba," na hapo Mwenyekiti alishusha miwani, "akianza kuimba, shika ukuta."

"Kwa nini, bibi?"

"Aliowaimbia wote wamepasuliwa. Wangu aliimbiwa nikiwa nimesimama palepale. Mguu ulikufa ganzi."

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo asubuhi alipoingia msusi.

Alikuwa dada mwembamba, mwenye vidole virefu na vibanio vya nywele vimebanwa kwenye ukosi wa blauzi, kwa mazoea. Mgongoni alikuwa na binti yake, umri wa kutembea, uzito wa kubebwa. Darasa la benchi alilipata lote, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Alipoingia ndani alikuwa tayari anajua zaidi ya alivyopaswa kujua.

"Anaitwa nani mgonjwa wetu?" Bi Nyuki aliuliza, jeli kwapani.

"Jina analo, daktari, lakini nyumbani tunamwita Kidonge. Kwa dawa alizokula."

"Kala za nini?"

"Za kifua. Nimonia, tukapona. Nimonia tena. Wakasema labda pumu. Wakasema labda vumbi. Mama mkwe akasema labda mimi."

"Akinyonya alikuwa anatoka jasho?"

"Kama mbeba mizigo. Mama mkwe akasema uroho."

"Mama mkwe ni daktari wa wapi?"

Msusi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Ndipo alipopata ujasiri wa kutazama kichwa cha daktari. "Samahani, daktari. Aliyekusuka alikuwa anawahi wapi?"

"Nimejisuka mwenyewe."

"Inaonekana. Siku moja upite bandani kwangu. Nyuma ya soko, mstari wa wasusi, lile lenye pazia la kijani."

Bi Nyuki alikubali kwa kichwa hichohicho, akaweka mkono kifuani kwa Kidonge. Chini ya mbavu kulikuwa na mtetemo, kama paka anayekoroma ndani ya sanduku. "Nani alikwambia umlete huku?"

"Tabibu wa zahanati. Alishika hapohapo ulipo, akasema humu ndani kuna kitu kinanguruma. Mimi nilikuwa nakihisi kila siku. Nilidhani watoto wote wako hivyo."

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Basi ungejuaje."

Taa zikazimwa. Nesi, mwanamume mnene mpole ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mateke, akampa Kidonge kofia yake achezee. Jeli ikapakwa, ya moto kama maziwa, na Kidonge hakulia. Kwenye kioo damu ilianza kupita, nyekundu huku, bluu kule. Bi Nyuki alizungusha mkono, akasogea, akabonyeza, akasogea tena. Na hapo akauona: mshipa mfupi kati ya bomba kubwa la moyo na bomba la mapafu. Kila mtoto huwa nao akiwa tumboni. Akizaliwa, unajifunga wenyewe kwa siku chache. Wa Kidonge haukupata habari. Ulikuwa wazi mpaka leo, na damu iliyokuwa imeshatumwa mwilini ilikuwa inakata njia ya mkato kurudi mapafuni, ikiyafurikisha usiku na mchana. Hiyo ndiyo iliyokuwa nimonia. Hiyo ndiyo iliyokuwa pumu. Hicho ndicho kilichokuwa kikinguruma.

Bi Nyuki alipima upana wa ule mshipa. Akapima msukumo wa damu mapafuni, na hapo akakunja uso. Mishipa ya mapafu huvumilia mafuriko kwa muda, kisha huanza kujikaza, kuta zikawa nene, zikawa ngumu, na ikishafika huko hakuna daktari anayeweza tena kuufunga ule mshipa bila kumwua mtoto. Ya Kidonge ilikuwa imeanza kukaza. Ilikuwa bado inaweza kulegea, lakini si kwa muda mrefu. Akapima tena upana. Umbo lake lilikuwa zuri, shingo nyembamba, mahali pa kukaa kizibo kidogo cha nyaya kitakachopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kisu, bila kupasua kifua. Akaanza kuhesabu kichwani saizi za vizibo vilivyobaki kabatini.

Na akaimba.

Aliimba kama hajawahi kuimba. Wimbo ulipanda, ukazunguka taa, ukatoka chini ya mlango. Nje, benchi zima lilinyamaza. Mwenyekiti aliweka mikono kichwani. Ndani, msusi alishika ukuta.

"Nisubiri hapahapa," Bi Nyuki alisema, akafungua mlango akatoka mbio za watu wafupi, kumwahi mwenzake wa upande wa pili wa jengo kabla hajaingia kazini. Hakusema neno jingine. Kichwa chake kilikuwa kimeshafika kabatini, kikauacha mdomo nyuma.

Mwenzake huyo ndiye anayepitisha mirija kwenye mishipa ya watoto na kuziba panapovuja, kwa hiyo hospitali nzima humwita Fundi Bomba, naye hulalamika kwamba fundi bomba wa kweli hapigiwi simu na wakuu wa idara. Walikubaliana haraka. Kizibo kipo. Nafasi ipo wiki ijayo. Bi Nyuki alirudi kwa hatua zake za nyuki, akanyanyua kitasa, akazungusha, akakuta kitanda kitupu, jeli bado inang'aa kwenye shuka, na nesi anatazama kofia yake.

"Wako wapi?"

"Wameondoka, daktari. Nilimwambia angoje. Alisema ameshasikia."

"Ameshasikia nini? Sijamwambia kitu."

Nesi aligeuza kofia ndani nje, akaigeuza tena. "Labda uulize benchi."

Alipiga kwanza ile namba ya simu iliyoachwa mapokezi. Ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa mtu wa kuzima simu ili chaji isiishe. Ndipo akatoka ukumbini, akasimama mbele ya benchi akiwa na sura ya mwalimu aliyekuta dirisha limevunjwa.

"Yule mama wa Kidonge amekwenda wapi?"

Kila mtu aligundua mtoto wake anahitaji kufutwa mdomo. Mwishowe Mwenyekiti alisimama, kwa sababu cheo kina gharama zake.

"Umeimba, daktari."

"Nimefanya nini?"

"Umeimba. Alipotoka akanitazama, nami nikashindwa kuficha uso. Akambeba mwanawe akaenda."

"Mimi siimbi nikiwa kazini, bibi."

Benchi lilitazamana. Halafu mama mmoja wa mwisho, mwenye pacha, akaanza taratibu, mdomo umefungwa. Aliyekuwa pembeni yake akadaka. Ukaenda mpaka mwanzo wa benchi, mmoja baada ya mwingine, ukapanda, ukazunguka, ukatua mahali penyewe unapotua, na mtoto mmoja aliyekuwa na mrija wa oksijeni puani akauongezea ule mkia wa mwisho ambao watu wazima waliusahau. Fundi wa umeme aliyekuwa juu ya ngazi akitengeneza taa akamalizia kwa kutikisa kichwa.

Bi Nyuki alisikiliza wimbo wake wote. "Kwa hiyo Bi Nyuki..." alianza.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mwenyekiti. "Pole."

Jioni, nyumbani, alimkuta mumewe anamwagilia maua akilaumu upepo.

"Hivi mimi huwa naimba?"

"Tangu nikujue."

"Naimba nini?"

"Si kitu. Uliimba siku paa lilipovuja na ukakumbuka tuna bati la akiba. Uliimba siku mtoto wetu alipomeza kifungo na wewe ukajua kimekwama wapi. Mimi nikisikia unaimba najua mambo yatakuwa sawa, nakwenda kulala."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha," alisema mwalimu, akahamia ua jingine.

Usingizi haukumpata vizuri. Hasira yake haikuwa juu ya jina. Ilikuwa juu ya maneno mawili, nisubiri hapahapa, aliyomwachia mwanamke mwenye mtoto mmoja, na juu ya mishipa ya mapafu ambayo haimngoji mtu azoee habari mbaya. Asubuhi alimpitia Mwenyekiti nyumbani kwake. Mwenyekiti alikuwa ameshavaa, mjukuu kamshika mkono, kama aliyekuwa anangoja kukamatwa.

Mstari wa wasusi ulikuwa nyuma ya soko kweli, mabanda yamebanana, vioo vimeegemezwa ukutani, rasta zimening'inizwa kama mikia ya farasi waliojiuzulu. Mapazia ya kijani yalikuwa mengi kuliko walivyotarajia. Kila banda waliloingia, wasusi walimtazama daktari kichwani wakafurahi, wakidhani amekuja kwa dharura. Mmoja alimwahidi punguzo kwa huruma tu. Hatimaye, nyuma ya pazia lililochakaa kuliko mengine, walisikia kikohozi kifupi, na Bi Nyuki hakuhitaji kuuliza.

Kidonge alikuwa ameketi ndani ya beseni, anapanga vibanio. Mama yake alikuwa anamalizia kichwa cha mteja. Alipowaona hakushtuka. Alimaliza msuko, akafunga, akampangusa mteja mabega, akamuaga. Ndipo akasema, "Nilijua mtakuja. Sitaki apasuliwe. Kama ni wa kufa, afie hapa alipozoea."

"Nani amesema anakufa?"

"Uliimba."

Bi Nyuki alivuta pumzi aanze maelezo, na msusi akamwonyesha kigoda. "Kaa kwanza. Siwezi kusikiliza mikono ikiwa mitupu."

Basi daktari wa mioyo ya watoto aliketi kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni, na msusi akaanza kumfumua zile nywele alizojisuka mwenyewe, akiguna kwa kila fundo alilokutana nalo. Mwenyekiti akaketi mlangoni, miwani mkononi.

"Haya, sema."

Akasema. Alieleza ule mshipa unaopaswa kujifunga na haukujifunga, damu inayorudi mlango wa nyuma, mapafu yanayolowa kila siku. Alieleza mrija mwembamba pajani, kizibo kidogo kuliko kibanio. "Hakuna kisu kifuani. Atabaki na alama pajani kama ya mbu."

"Na asipofanyiwa?"

"Aa, taratibu, unaniumiza."

"Usitikisike. Na asipofanyiwa?"

"Mapafu yatakaza. Yakikaza hayarudi. Atakuwa anachoka zaidi, midomo itaanza kuwa ya bluu, na wakati huo ukija kunililia sitakuwa na la kufanya. Leo ninalo."

"Wote wanapona?"

"Si wote. Wengi sana. Kizibo kinaweza kuteleza, tukalazimika kukifuata. Homa inaweza kuja. Nitakuwepo chumbani."

Msusi alisuka mistari kadhaa. Vidole vyake vilikwenda haraka, lakini usoni hakukuwa na kitu cha kusomeka. Bi Nyuki alijaribu kumtazama kwenye kioo, akagundua jinsi inavyokera kutazama uso wa mtu anayeamua mambo yako bila kukuambia.

"Sasa kama ni jambo la kutengenezeka," msusi aliuliza, "mbona uliimba?"

Daktari angeweza kusema chochote cha kitaalamu, na pengine ni hicho ambacho shule zote zile zilimfundisha. Badala yake alisema, "Sijui. Jana ndiyo nimejua naimba. Nadhani nikiona kitu ninachoweza kukifunga, kichwa kinaanza kukusanya vyombo, na pua nayo inataka kushiriki."

"Na wale usioweza kuwafunga?"

"Kwa hao huwa najikuta nauliza bei ya chai," alisema. "Au sisemi kitu. Sidhani kama kuna siku niliimba."

Mlangoni Mwenyekiti alivaa miwani. Alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa ameingia kwenye beseni na Kidonge na anakula kitu kisichojulikana.

"Wangu aliimbiwa," alisema polepole. "Na yule wa pacha, mmoja wao aliimbiwa. Na yule wa oksijeni aliimbiwa wiki iliyopita. Kumbe benchi zima ni la walioimbiwa."

"Na wewe," alisema msusi bila kuacha kusuka, "umekaa pale miaka, mjukuu anakukimbia mbele ya macho, unawafundisha watu washike ukuta."

"Nilikuwa natazama mlango, mwanangu. Sikuwa natazama mtoto."

Msusi alifunga msuko wa mwisho, akaukata uzi kwa meno, akasukuma kichwa cha daktari kushoto, kulia, akakitazama kama mtu anayelipa deni. "Sasa unaweza kutoka nje. Wiki ijayo siku gani?"

Siku ilipofika, Bi Nyuki aliamua kuwa mtu mzima. Aliingia chumba cha mirija na Fundi Bomba akiwa ameuma midomo, amedhamiria kutotoa sauti ya aina yoyote. Kidonge alikuwa amelala kwa dawa, mdogo kwenye meza kubwa. Mrija uliingia pajani, ukapanda, ukafika. Kwenye kioo mshipa ulionekana, shingo nyembamba, damu inapita kwa nguvu. Fundi Bomba alisogeza kizibo, akarudisha. Akasogeza tena, akarudisha.

"Vipi?" Bi Nyuki aliuliza kupitia meno.

"Mbona kimya? Kuna kitu umeona hujaniambia?"

"Hakuna."

"Sasa mbona huimbi? Mkono wangu haujui pa kwenda."

Nesi aliyeshika kofia alikohoa. Bi Nyuki alitazama dari, akatafuta wimbo, na wimbo kwa mara ya kwanza ukagoma, kwa kuwa ulishajua unatazamwa. Akatoa sauti moja ya uongo, kama mtu anayejaribu kengele. Chumba kizima kilicheka, Fundi Bomba akiwemo, na mabega yake yalipotua baada ya kicheko mkono ukawa umetulia. Kizibo kilikaa. Walingoja. Rangi kwenye kioo ilipungua, ikawa uzi, ikawa hakuna.

Bi Nyuki aliweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani kwa Kidonge, pale palipokuwa na paka. Alisikia moyo unapiga, mmoja, mwingine, mmoja, mwingine, na kati yake hakuna kitu. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mara hii hakuna aliyejua anaimba au haimbi, maana alikuwa amegeukia ukuta.

Baada ya hapo Kidonge akanenepa kwa fujo. Alikula vya kwake, akala vya wateja wa mama yake, akaanza kukimbia, na mama mkwe akatangaza kwamba ni yeye aliyesema tangu mwanzo kuwa ni moyo. Msusi hakubisha, alisema hana nafasi, anakimbiza mtoto.

Miezi ikapita bila tatizo. Kisha asubuhi moja msusi akaja bila kupangiwa, amembeba Kidonge ambaye sasa ni mzigo wa kweli, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya kwanza. Mtoto alikuwa anakohoa. Benchi lilisogea kumpa nafasi, na kabla hajakaa lilishaona kwamba hawezi kukaa. Waliingia naye, Mwenyekiti akiongoza, wengine wakabaki mlangoni wakijifanya kushikilia kitasa.

Bi Nyuki alimsikiliza Kidonge mbele. Akamsikiliza nyuma. Akamwambia avute pumzi, Kidonge akamkoholea usoni. Akamsikiliza tena. Hakuimba. Hakuuliza bei ya vitunguu wala ya chai. Benchi halikuwa na elimu ya hali hiyo.

Msusi alishindwa kungoja. "Daktari, sema tu. Nimejiandaa. Usiku kucha nimesikiliza kifua chake. Wewe ndiye uliyemrudisha mikononi mwangu, benchi hili lote ni shahidi, na lolote utakalosema leo nitalipokea kwa moyo mmoja, hata kama kile kizibo kimetoka, hata kama mapafu yamechoka, hata kama safari ndiyo imefika hapa. Sitakimbia tena. Nipe ukweli wote kama ulivyo."

Mwenyekiti alitoa miwani akaifuta. Nesi akavua kofia.

Bi Nyuki alitoa kifaa masikioni, akamtazama mtoto, akamtazama mama.

"Ni mafua," alisema. "Mpanguse pua."